Mkaa wa Kupikia Wageni

Asubuhi hiyo soko la Manundu lilikuwa na shughuli zake za kila siku. Nyanya zilikuwa zikioza kwa utaratibu, bodaboda zilikuwa zikipiga honi bila sababu, na wingu zito lililokaa juu ya mji wa Korogwe lilikuwa bado halijaamua kama litanyesha au litawatisha tu watu. Katika mazingira hayo matukufu, kijana mmoja mrefu, aliyevaa shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi hadi likatia huruma, alirudi nyuma kukwepa bodaboda, akaegemea gunia la mkaa kwa mgongo wake wote.

"Usigeuke," sauti ya kike ilisema nyuma yake.

"Kwa nini?"

"Niache kidogo niliombee shati lako."

Kijana aligeuka. Mbele yake alisimama msichana mwenye gauni la kitenge cha kijani, kilemba cha njano, na mikono iliyokuwa myeusi hadi kwenye viwiko. Uso wake peke yake ndio uliokuwa safi, kama sahani iliyotengwa kwa ajili ya mgeni.

"Pole, kaka. Hilo doa halitoki. Utazeeka nalo."

"Unaitwa nani, nijue wa kumshitaki?"

"Mwaija binti Athuman. Na wewe, nijue wa kumcheka?"

"Parit."

"Mmasai wa wapi wewe, usiye na shuka?"

"Wa Handeni. Shuka iko nyumbani, inapumzika."

"Ala! Mimi Mzigua wa hukohuko. Baba yangu yuko nyuma ya kijiji cha Sindeni, ndiye anayechoma mkaa huu uliouvaa." Msichana akacheka. "Yaani tumeacha nyika nzima, tukaja kugongana kwenye kibanda changu!"

Kesho yake Parit alirudi kununua kopo moja la mkaa. Keshokutwa akarudi tena. Jambo la kusikitisha ni kwamba Parit hakuwa na jiko. Alikula hotelini, chai alikunywa kazini, na kila jioni aliingia chumbani kwake akasukuma kopo jipya chini ya kitanda. Haikuchukua muda, uvungu ule ulikuwa na mkaa wa kutosha kubanika ng'ombe wa ukoo mzima.

"Mwaija," aliuliza Swaumu, jirani yake wa kibanda, mwanamke mnene aliyeuza mkaa na kufuatilia mambo ya watu kwa bidii sawasawa, "huyu kaka ana jiko, au ana moyo tu?"

"Muulize mwenyewe, dada."

"Nimuulize nini, wakati macho yake yanawaka bila mkaa?"

Basi wakapendana. Walitembea hadi darajani kuutazama mto Pangani ukipita na matope yake. Walikula mahindi ya kuchoma. Walipigiana simu wakiwa wametoka kuonana.

"Umefika, laazizi?"

"Nimefika. Wewe?"

"Mimi nipo hapa nje ya mlango wako, nilisahau kukwambia kitu."

"Kitu gani?"

"Nimesahau tena. Fungua labda nitakumbuka."

"Nenda kalale, Mmasai wewe! Mama mwenye nyumba ana masikio hadi kwenye paa."

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Parit hakulisahau, wala hakulisema. Mwaija alipomuuliza kazi yake, alijibu, "Kazi ya ofisi tu, mpenzi." Jibu hilo lilikuwa la kweli kama vile mwizi anavyosema anafanya kazi ya kubeba vitu.

Parit aliajiriwa na shirika dogo ambalo kazi yake ilikuwa kuzishawishi serikali za miji zitumie nishati bila kuipoteza. Alikuwa amekaa na maofisa wa mji miezi mingi wakiandaa sheria ndogo. Jikoni kwenye shule za umma na kwa mama lishe wote wa sokoni kuwe na majiko banifu, yale yenye udongo ndani unaoshika joto. Taa za barabarani na za ofisi zibadilishwe, ziwekwe zinazotumia umeme kidogo. Na asiyeweka madirisha ya kupitisha hewa asipewe kibali cha kujenga, maana mji ulikuwa umejaa nyumba ambazo mchana zilioka watu, halafu wenyewe wakawasha feni wapulizwe na joto lilelile.

"Mji wetu unanunua moto, halafu unauacha utoroke," alipenda kusema vikaoni. Madiwani waliandika maneno hayo kwa sababu chai ilikuwa haijafika.

Sheria ikipita, shirika lingemwongezea mkataba na angebaki Korogwe, aoe. Isipopita, ofisi ingefungwa na yeye angepelekwa Mbeya. Lakini kila jiko lililokula mkaa kidogo lilikuwa gunia moja zaidi la kudoda mbele ya kibanda cha Mwaija. Alijua hivyo. Alipanga kumwambia kesho, na hiyo kesho ikawa na tabia ya safari za shule: inatangazwa kwa furaha, kisha inaahirishwa.

Siku ya kuwaonyesha madiwani jiko banifu ilipokaribia, Parit alihitaji gunia zima, lililofungwa, asije mtu akasema mkaa umechaguliwa.

"Gunia zima!" Mwaija alishika kiuno. "Unapika nini, harusi?"

"Maharage. Nina wageni."

"Wageni gani wa gunia zima?"

"Wageni wakubwa."

Mwaija akadhani ni wazee wa Kimasai wanaokuja kumwona mchumba. Alizunguka kibanda chote, akamchagulia gunia lenye kichwa kizuri kuliko yote.

Gunia la mkaa kutoka Handeni lina kichwa na lina tumbo. Kichwani wachomaji hupanga vipande virefu, vigumu, vinavyolia kama vyuma, wakavisuka kwa nyasi na kamba hadi gunia likasimama kama bibi harusi aliyevikwa taji. Tumboni ndiko siri inakolala. Miti mikubwa ilivyozidi kwisha, matumbo yalizidi kujazwa chenga za mkaa uliosagika, na Mungu awasamehe, hata udongo. Hakuna mama wa Korogwe asiyejua. Gunia jipya humwagwa chini kwanza, likachanganywa kwa mikono, ndipo mtu akapika. Jambo hilo halisemwi, kama ambavyo mtu haambiwi avue viatu kabla ya kulala. Mama yake Parit, huko nyikani, alipikia kuni maisha yake yote.

Madiwani walikusanyika uani kwa ofisi za mji, chini ya wingu lilelile. Mwenyekiti wa kamati, Mheshimiwa Ernesti, alivaa suti ya kahawia na tai iliyofungwa kwa hasira. Palikuwa na majiko mawili, jiko la bati la kawaida na jiko banifu. Palikuwa na sufuria mbili za maharage. Parit, akiwa amevaa shati jipya, alipima mkaa kwa mzani, sawa kwa sawa, mbele ya wote. Fungu la kwanza alilitoa kichwani mwa gunia, akajaza jiko la bati. Kisha akachota kutoka tumboni, akajaza jiko banifu.

Jiko la bati liliwaka kwa shangwe. Jiko banifu lilitoa moshi kidogo, likakohoa, likanyamaza. Chenga na udongo viliziba matundu ya hewa. Parit alipepea. Aliinama akapuliza hadi machozi yakamtoka, madiwani wakadhani ni uchungu wa kazi. Sufuria ya kwanza ilichemka. Ya pili ilikuwa na maharage yanayoogelea kwa amani.

"Kijana," alisema Mheshimiwa Ernesti, "jiko lako linaokoa mkaa kweli. Linaokoa kwa kukataa kuuwasha."

Watu walicheka hadi wengine wakashikana mabega. Iliamuliwa kwamba suala hilo lipelekwe kwenye mkutano wa maoni ya wananchi, na kila aliyekuwepo alijua wananchi wa sokoni wangesema nini. Parit alichukua kiganja cha chenga kutoka gunia lile, akaenda nacho Manundu kwa miguu. Mvua ikaona sasa ndiyo wakati wa kunyesha.

Mwaija alimwona akija, akainuka kwa tabasamu. "Wageni wamekula?"

Parit alifungua kiganja. "Hiki nini, Mwaija?"

"Chenga."

"Ulikuwa unajua zimo?"

"Zimo kwenye kila gunia. Kwani kuna nini?"

"Umenivua nguo mbele ya mji mzima! Nani alikwambia kazi yangu? Nani alikwambia habari za sheria?"

"Sheria gani?"

Hapo ndipo alipopaswa kunyamaza. Lakini alikuwa amelowa na amechekwa, na mtu wa namna hiyo hatakiwi kupewa ruhusa ya kuongea. Akasema yote: majiko, mama lishe, mkutano. Alipomaliza, tabasamu la Mwaija lilikuwa limeondoka na halikuaga.

"Kwa hiyo hukuwa na wageni," alisema polepole.

"Madiwani ni wageni."

"Nilikuchagulia gunia zuri kuliko yote, Parit. Nilidhani ni wazee wako." Akafuta mvua usoni, mkono mweusi ukaacha alama shavuni. "Umenunua kwangu mkaa wa kunifungia kibanda. Na sasa unadai chenji."

"Mwaija..."

"Toka. Unanilowanishia mkaa."

Swaumu alishusha turubai.

Parit alipiga simu jioni hiyo, na kesho yake, na kesho ya kesho yake. Mwaija aliitazama ikitetemeka juu ya meza kama mdudu aliyelala chali, akaiacha. Wauza mkaa walikutana wakamchagua awe msemaji wao mkutanoni, kwa kuwa alikuwa na mdomo, na sasa alikuwa na sababu. Akaenda Handeni kumwambia baba yake.

Zamani tanuri la Mzee Athuman lilikuwa nyuma ya nyumba. Safari hii Mwaija alitembea hadi viatu vikamuuma, akapita visiki, akapita vichaka, akapita mahali ambapo ng'ombe wa Wamasai walikuwa wakipumzika kivulini alipokuwa mtoto. Kivuli hakikuwepo, na ng'ombe nao walikuwa wamekwenda. Alimkuta baba yake amechutama kando ya kichuguu cha udongo kinachofuka, macho mekundu, akichomeka nyasi mahali moshi ulipokuwa ukivuja.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuangalia makaburi yangu?"

Kando yake palikuwa na miti iliyosubiri kuchomwa. Mwaija aliushika mmoja. Ulikuwa mwembamba kama mkono wake.

"Ndiyo tunayochoma sasa, baba?"

"Ndiyo iliyobaki. Mti wa hivi unakupa nini? Chenga tu. Nikipata kigogo kimoja kigumu nakiweka kichwani, gunia lipate heshima." Mzee alikohoa, akatema pembeni. "Nasikia mji unataka kupitisha sheria. Nasikia wewe ndiye utakayesema."

"Ndiyo, baba."

"Basi sema. Waambie jiko lao halifai. Hata madiwani wameona kwa macho yao."

"Na wakiniuliza kwa nini halikuwaka?"

Mzee Athuman aliendelea kuziba moshi. Alipojibu, hakumtazama. "Wewe ni mtoto wangu. Utajua la kusema."

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa madirishani. Wauza mkaa walikuja wote, Swaumu akiwa mstari wa mbele na khanga yake mpya. Parit alikaa kona ya mwisho, kama mwanafunzi anayesubiri jina lake lisomwe paredi. Begi lake lilikuwa tayari limefungwa.

Mwaija alisimama. Alivaa baibui jeusi na ushungi wa njano, na mikono yake ilikuwa imesuguliwa hadi ikawa ya mtu mwingine. Swaumu akapiga kigelegele cha kumpa nguvu.

"Waheshimiwa," alisema, "jiko lile halina kosa."

Kigelegele kilikatika katikati.

"Gunia niliuza mimi. Baba yangu ndiye aliyelijaza. Kichwani mkaa, tumboni chenga na udongo. Huyu kaka hakujua kwamba gunia linachanganywa kwanza, kwao wanapikia kuni. Jiko lenu la bati lilipewa kichwa, jiko lake likapewa tumbo."

"Mwaija!" Swaumu alisimama. "Una wazimu? Unatuuza?"

"Dada, wewe nyumbani kwako unachanganya au huchanganyi?"

Swaumu akakaa. Ukumbini palizuka zogo. Kina mama walioshika vikapu, waliolijua hilo miaka yote bila kulisema, waligeuka kuwatazama wauza mkaa kwa macho ambayo hayakuwa ya wateja tena.

"Sijamaliza," Mwaija alisema. "Pitisheni sheria yenu. Miti imekwisha, nimeiona. Lakini semeni pia wale wanaochoma wataishi kwa nini. Msiandike jiko mkaacha mtu."

"Hoja nzuri," alisema Mheshimiwa Ernesti. "Hilo la pili tutaliangalia muda ukiruhusu."

"Muda si ndio wewe, mheshimiwa? Umekaa hapo na tai."

Watu walicheka, lakini si kwa furaha. Gunia jipya likaletwa uani. Mwaija alilimwaga chini, akachutama na baibui lake, akachanganya kichwa na tumbo na kuchekecha udongo, hadi mikono ikawa yake tena. Majiko yakajazwa. Safari hii maharage ya jiko banifu yaliiva, na lilipoinuliwa, ndani kulikuwa na moto wa kupikia sufuria nyingine, wakati jiko la bati lilikuwa limebaki na majivu. Waheshimiwa walionja, wakaonja tena kwa ajili ya uhakika, na baraza lilipoketi, sheria ikapita. Lile la pili, la watu wanaochoma, likaandikwa kwamba litajadiliwa. Mpaka leo linajadiliwa.

Parit alimfuata bombani, akamkuta ananawa.

"Mwaija. Nilikushitaki bila kukuuliza."

"Ulinificha kwanza. Hilo ndilo lililoniuma. Chenga nimezizoea."

"Niliogopa ungeniacha."

"Ukaona bora nikuache nikiwa nimelowa." Aliendelea kusugua. "Sikufanya kwa ajili yako, usivimbe kichwa. Nilishindwa tu kusema uongo nikiwa nimeshika ule mti mwembamba akilini."

"Najua. Lakini mimi nabaki Korogwe kwa ajili yako." "Nataka kuja kwenu na wazee."

Mwaija alifunga bomba. Alitazama maji meusi yakitafuta njia. "Nenda kwa baba," alisema. "Sasa hivi jibu liko kwake. Mimi nimeshasema mengi mwezi huu."

Parit alikwenda na mjomba wake, Mzee Nkoitiko, na sukari, na blanketi zito la rangi ya damu ya mzee. Mzee Athuman aliwapokea kwa adabu zote na bila tabasamu. Tanuri nyuma yake lilikuwa halifuki.

"Dini," alisema, "kijana amesema atasilimu. Ni jambo jema. Umasai nao si ugonjwa. Mjukuu wangu akiwa mrefu nitafurahi." Alikunja blanketi magotini. "Lakini mkaa? Wanunuzi wanamwaga gunia langu chini kabla ya kunisalimia. Binti yangu ndiye aliyelitangaza, na wewe, kijana, ndiye uliyemtafutia mahali pa kusemea. Nendeni. Nitatuma jibu."

Jibu halikuja mwezi ule, wala uliofuata. Sokoni Swaumu alisogeza benchi lake mbali na Mwaija, akawa anamsalimia kwa kidevu. Mama lishe sasa walinunua makopo badala ya magunia. Kila jioni Parit alipita, safari hii akiwa na jiko kweli, akanunua kopo lake, wakazungumza mambo madogo madogo kama watu walio msibani.

Siku moja basi la Handeni lilisimama barabarani na kondakta akashusha gunia.

"Wewe ndiye Mwaija? Baba yako amekutumia."

Lilikuwa gunia la ajabu. Halikuwa na kichwa, wala nyasi, wala taji. Limefungwa bapa mdomoni. Mwaija alilimwaga chini mbele ya kibanda. Swaumu, pamoja na kununa kwake, alisogea kuona. Kulikuwa na vipande vigumu vya mgunga wa zamani, virefu, vinavyolia, kutoka juu hadi chini. Mwaija alitafuta chenga hadi kwenye pembe za gunia. Hakuna.

"Amesema nini?" alimuuliza kondakta.

"Amesema ndio wa mwisho, tanuri amelibomoa. Jana nilimshusha Mazinde, anatafuta kazi ya kukata mkonge." Kondakta alijikuna shingo, ujumbe uliobaki ulimwelemea. "Amesema ni mkaa wa kupikia wageni wa harusi. Yeye hatakuja."

Basi likaondoka. Swaumu aliinama bila kuambiwa, akaanza kumsaidia kurudisha vipande guniani, kimoja kimoja, kama mtu anayepanga vyombo vya marehemu. Simu ikalia.

"Laazizi, upo?"

"Nipo."

"Mbona sauti hivyo? Mzee amejibu?"

"Amejibu. Amesema ndiyo."

Upande wa pili palisikika kitu kama kiti kikianguka. "Mwaija! Unasikia? Subiri, nakuja, nakuja sasa hivi! Naye atakuja lini tupange?"

Mwaija alitazama lile gunia bapa.

"Parit," alisema, "lile jiko lako. Mkaa kiasi hiki, mtu akipika kidogo kidogo, unakaa muda gani?"

"Unakaa sana, mpenzi. Miezi. Ndiyo kazi yake. Kwa nini?"

"Basi njoo nalo," alisema Mwaija. "Sitaki huu uishe."